Thelathini na Nne na Diệp

Siku waliyoniambia kwamba mwanangu hatahesabiwa tena, nilisema ahsante. Nilishukuru kwa mikono miwili na kichwa nikainamisha, kisha nikamwambia mama yangu kwamba sasa mambo yamenyooka. Mtu akichoka sana anaweza kushukuru hata kofi.

Mnijue kwanza. Naitwa Thắm, mkulima wa maua hapa Sa Đéc kama nusu ya watu wa mtaa huu. Mume wangu anajenga maghorofa Saigon na anarudi wakati wa Tết, Mwaka Mpya wetu, wakati maua yote yameshauzwa na mgongo wangu umeshakufa. Nyumbani tuko watatu: mimi, mama yangu ambaye mtaa mzima unamwita Bibi Sáu, na binti yangu Diệp, mwenye miaka kumi na usonji. Daktari alipotutajia huo usonji kwa mara ya kwanza, Mama aliuliza dawa yake inanywewa kabla ya chakula au baada ya chakula. Daktari akasema haina dawa, si ugonjwa, ndivyo mtoto alivyo. Mama akamtazama mtu yule kama anayetazama muuza mbegu feki.

Shuleni kwa Diệp, darasa ni timu. Kuna watoto wanaoitwa Nyota Nyekundu, wamefungwa kitambaa chenye nyota mkononi, na kazi yao ni kupita madarasani kusaka makosa. Nani hana skafu shingoni, nani kachelewa, nani kaacha karatasi chini ya dawati. Kila kosa linakata pointi, na pointi hakatwi mtoto, linakatwa darasa zima. Jumatatu asubuhi, bendera ikishapanda, matokeo yanasomwa mbele ya shule. Darasa la mwisho linazomewa, kisha linafagia uwanja wiki nzima. Nami nilisoma hivyohivyo na kufagia hivyohivyo, wala sikuwahi kuona ubaya wake mpaka nilipomzaa Diệp.

Maana Diệp akisikia ngoma ya shule anaziba masikio na kukimbia. Skafu nyekundu inamwasha shingo, anaivua na kuitupa. Siku za paredi anakaa mstarini amevaa helmeti yangu ya pikipiki, kwa sababu humo ndani kelele zinapungua. Basi Nyota Nyekundu wanaandika: hana skafu, ametoka mstarini, amevaa helmeti. Darasa la Nne B likawa la mwisho, likawa la mwisho tena, na watoto wakaanza kuja shuleni na fagio zao kabisa.

Ndipo Mwalimu Quyên, mwalimu wao wa darasa, akaja bustanini kwetu. Ni msichana mdogo, sidhani kama amefika thelathini, na siku ile alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala.

"Mama Diệp, mimi simfukuzi mtoto," alisema hata kabla sijamkaribisha. "Naapa simfukuzi. Ila kuna njia. Mkipata cheti cha ulemavu pale ofisi ya kata, Diệp anakuwa mwanafunzi wa elimu jumuishi. Anabaki palepale na wenzake. Ila makosa yake hayahesabiwi, darasa halikatwi kitu."

"Anabaki?"

"Anabaki."

"Ila hahesabiwi."

"Makosa yake, Mama Diệp. Makosa ndiyo hayahesabiwi."

"Na mazuri yake je?"

"Hayo... tutaona."

Mama alikuwa nyuma ya vichanja vya maua, akichuma vichipukizi na kujifanya hasikii. Akainuka na kisu chake mkononi. "Ulemavu? Mtoto ana miguu yake, macho yake, na meno ya kuning'ata! Mwaka jana mlisema mtundu. Mwaka huu mmempandisha cheo?"

"Bibi, na mimi nimefundishwa kufundisha hesabu na kusoma tu," alisema Mwalimu. "Haya mengine nayatafuta mwenyewe kwenye simu. Watoto wamechoka kufagia. Wanamchukia. Nifanye nini?"

Hapo Mama akarudi kwenye vichipukizi vyake, jambo ambalo halitokei kila mwaka.

Sikujua kipi ni kipi. Nikikataa cheti, wenzake watazidi kumchukia. Nikikichukua, nimeandika kwa mkono wangu kwamba mwanangu ni wa pembeni. Au sivyo? Jirani mmoja alinishauri nichukue, ni haki yake. Mwingine akasema nisithubutu, nitamfungia njia ya ndoa. Ndoa! Mtoto wa miaka kumi, hataki hata kugusana kiwiko na mtu! Nilimpigia mume wangu, akasikiliza, akasema, "Fanya unavyoona." Ningekuwa naona, ningempigia simu ya nini?

Nilikichukua. Wale wa ofisi ya kata walimuuliza Diệp jina lake, naye akawajibu kwamba feni zao ni mbili na moja haizunguki. Wakagonga muhuri, wakasema hatahesabiwa tena, nami nikasema ahsante.

Na kweli kukatulia. Nne B ikapanda, siku moja ikawa hata ya pili. Watoto waliacha kumzomea Diệp. Waliacha kumsema, waliacha kumvuta skafu, na mimi nikaona ni amani. Nilipomfuata mchana, nilimkuta amekaa dawati la nyuma na penseli za rangi, mpole, na monita wao, binti mmoja mkali anayeitwa Trâm, akanisalimia vizuri sana. "Shikamoo Mama. Diệp leo hakufanya kitu," alisema. Nikashukuru tena. Mimi na shukrani zangu.

Kisha ikaanza ile thelathini na tano.

Diệp alirudi nyumbani siku moja akiwa na chaki mikononi, kwenye mikono ya shati, hadi kwenye nyusi. Hakula. Alizunguka bustani akirudia, "Thelathini na tano. Thelathini na tano." Kesho yake vilevile, ila sasa analia. Siku iliyofuata akaanza kujipiga kichwani.

Mama alisema ni vikapu. Ni kweli kwamba Diệp na bibi yake huhesabu vikapu vya maua kila jioni, mstari kwa mstari, tangu alipoanza kuongea. Mstari ukipungua kikapu, hapati usingizi. Basi tukahesabu. Hakuna mstari uliokuwa na thelathini na tano. Mama akasema tuutengeneze. Tukabeba vikapu, vizito vile, vimelowa maji, tukapanga mstari wa thelathini na tano, mgongo ukinilia. Tukamwita Diệp. Aliutazama, akapiga yowe, akakimbilia chini ya kitanda.

"Labda alitaka thelathini na sita," Mama alisema.

"Mama, tafadhali."

"Basi uliza wewe unayejua."

Sikujua. Nilikaa sakafuni karibu na kitanda na kumsogezea wali na samaki wa kukaanga. Nikamuuliza thelathini na tano za nini, mwanangu, za nini? Akanitazama kidogo, pembeni ya uso wangu kama kawaida yake, akasema, "Wamefuta." Nani kafuta, kafuta nini, hakusema. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndiyo, lakini kuna siku mzazi naye hajui uchungu wenyewe uko wapi.

Ijumaa simu ikaja. Diệp amemsukuma Trâm, Trâm ameanguka kwenye dawati, mdomo umepasuka. Mama yake Trâm, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi, anataka Diệp ahamishiwe shule maalumu ya mkoani. Ile ni ya kulala. Diệp hajawahi kulala popote bila bibi yake kumhesabia vikapu. Nilishika usukani wa pikipiki, na Mama akapanda nyuma bila kualikwa.

Tulikutana darasani, watoto wengine wameshatoka. Mwalimu Quyên alisimama karibu na meza yake. Mama Trâm alikaa mbele kabisa, mwanamke mnene mwenye mgahawa wa tambi karibu na soko, na Trâm pembeni yake na barafu mdomoni. Diệp alikuwa amesimama dirishani na helmeti yake kichwani.

"Dada Thắm, mimi sina chuki," alianza Mama Trâm. "Mtoto wako tunamwonea huruma. Lakini mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huyu anapiga watu sasa. Kule mkoani kuna wataalamu. Atakuwa na wenzake."

"Wenzake si hawa?" Mama alidakia.

"Bibi, wenzake... wa aina yake."

"Aina! Umesikia, Thắm? Kumbe watoto ni kama miche!"

Nilimwomba Mama anyamaze. Nilitaka kujua jambo moja tu. "Mwalimu, ilikuwaje? Diệp hapigi mtu. Akiudhika anajipiga mwenyewe."

"Waligombea chaki," alisema Mwalimu. "Kila asubuhi wanagombea chaki. Sijui kwa nini. Nimemwambia Trâm ampuuze."

Alipotaja chaki, Diệp aliondoka dirishani. Alitupita wote kana kwamba sisi ni madawati, akaenda kwenye ubao. Juu kwenye kona, kama ilivyo katika kila darasa, palikuwa pameandikwa idadi ya wanafunzi na wasiokuwepo. *Idadi: 34. Wasiokuwepo: 0.* Diệp akafuta ile 34 kwa kiganja. Akaandika 35, polepole, ameuma ulimi. Akarudi dirishani.

Trâm aliruka, barafu ikaanguka. Akafuta 35, akaandika 34.

Diệp akarudi. Thelathini na tano.

"Mnaona?" Trâm alipiga kelele. "Mnaona? Kila siku! Kila siku ya Mungu!"

Mimi nilikuwa natazama ile kona ya ubao. Nilikumbuka vikapu. Tulivyobeba vikapu vizima vizima.

"Mwalimu," nilisema, "darasani mko wangapi?"

"Thelathini na nne," alijibu harakaharaka, kama mtu anayejibu jambo la kila siku. Kisha akatazama dirishani. "Na Diệp."

"Na Diệp ni nini?"

Uso wake ulipoteza rangi kabisa, nikamwonea huruma, nikamkasirikia, sikujua nianze na lipi. Alisema baadaye, na namwamini, kwamba hakumwagiza mtu aandike hivyo. Aliiona, akadhani ni hesabu ya watoto tu, akaacha.

"Nani kasema aandikwe thelathini na nne?" Mama aliuliza.

"Mimi," alisema Trâm. Hakuona aibu hata kidogo. "Diệp kuna siku anatoka nje kipindi hakijaisha. Nikiandika thelathini na tano, Nyota Nyekundu wakija wanahesabu vichwa, wanakuta mmoja hayupo, wanatukata. Nikiandika thelathini na nne hawatukati. Na ninyi wakubwa si mlisema hahesabiwi? Sasa mimi niandike nini?"

"Trâm, adabu!" mama yake alimkemea.

"Lakini si kweli? Mlisema!" Machozi yalikuwa yanamtoka sasa. "Na leo kanisukuma, mdomo umepasuka, nimekwenda kwa Nyota Nyekundu, wakaniambia hawawezi kuandika kosa lake, eti hayumo! Mimi nikimsukuma mtu natolewa pointi tano! Tano! Yeye hata moja! Si haki! Hata kufagia hafagii!"

Mtoto yule alikuwa analia kwa hasira ya kweli, mdomo umevimba, anadai haki yake. Na kwa jinsi nilivyochanganyikiwa, ilinichukua muda kuelewa kwamba katika chumba kile kizima, ni yeye peke yake aliyekuwa anataka mwanangu ahesabiwe.

"Mwandikeni," nilisema.

"Nini?" alisema Mwalimu.

"Kosa lake. Kamsukuma mtu, akatwe pointi tano. Na akitoka nje akatwe. Na afagie."

"Dada Thắm," Mama Trâm alisema, "unataka nini hasa? Juzi umekwenda kuchukua cheti asihesabiwe, leo unataka ahesabiwe. Unajua unachotaka?"

"Sijui!" nilifoka, na kweli sikujua. "Cheti sikirudishi. Masikio yake yanauma kwenye ngoma, na shingo inawasha kwenye skafu, hayo msimkate, hayo si makosa. Lakini kumsukuma Trâm ni kosa. Hilo ni lake. Mpeni." Nilikuwa nalia mimi pia, na pua inanitoka, na nilijua sieleweki. "Mwandikeni pale kwenye kona. Mengine mtanifundisha, au tutafundishana, mimi sijui."

Mwalimu Quyên alikaa kwenye kiti chake. "Tukimkata, Jumatatu tutakuwa wa mwisho," alisema. "Watoto watazomewa. Watamchukia tena, Mama Diệp. Nitarudi kulekule nilikotoka."

"Tutakuwa wa mwisho," Trâm alikubali huku akijifuta pua kwa skafu. Alifikiri. "Lakini naye atafagia?"

"Atafagia," nilisema.

"Siyo aje akae kivulini na penseli za rangi?"

"Fagio namletea mwenyewe," Mama alisema. "Fagio la nyumbani, zuri kuliko yenu."

Mama Trâm alimtazama binti yake, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa bakuli ambalo hakuagiza. Alisema suala la mkoani bado lipo, halijafa, tutaona wiki itakavyokwenda. Kisha akaokota barafu sakafuni, maana ni mwanamke asiyeweza kuacha uchafu chini.

Trâm alipotoka alipita kwenye ubao, akasimama mbele ya ile 35 na dasta mkononi. Diệp alikuwa anamwangalia kutoka dirishani, mwili mzima umekakamaa. Trâm akaiweka dasta chini. "Mbovu hata mwandiko wenyewe," alisema, akaondoka.

Usiku ule Diệp alikula mabakuli mawili.

Jumatatu sikwenda bustanini. Nilisimama nje ya geti la shule, nimeshika vyuma, na Mama Trâm alikuwepo pia, kila mmoja akijifanya hakumwona mwenzake. Watoto walikaa kwenye stuli zao za plastiki, mstari kwa mstari. Katika mstari wa Nne B niliiona helmeti yangu. Skafu ilikuwa imefungwa juu yake, kwa nyuma, fundo kubwa baya. Niliuliza baadaye, nikaambiwa ni Trâm. Eti hakuna sheria isemayo shingoni.

Nyota Nyekundu mkubwa alisoma matokeo. Alianza juu akashuka chini, na kila darasa likishangilia mimi nilizidi kuvibana vile vyuma. Nne B ikaja mwisho. Akasoma na sababu: kusukuma mwenzake, pointi tano, Diệp.

Alisomwa kwa jina lake kwenye kipaza sauti.

Shule nzima ilizomea. Nilidhani atakimbia. Aliinama akashika helmeti kwa mikono miwili, akajitikisa mbele na nyuma, mbele na nyuma, na mimi nilikuwa tayari kuparamia lile geti. Hakukimbia. Mstari mzima wa Nne B uligeuka kumtazama kwa macho makali, wote thelathini na nne, na mtoto mmoja akamrushia kipande cha karatasi. Sikujua nimtukane nani. Ningemtukana Mwalimu, au Trâm, au mimi mwenyewe niliyeyataka haya.

Paredi ilipoisha, madarasa mengine yaliingia ndani. Nne B walibaki na fagio zao. Diệp alisimama katikati ya uwanja na fagio la bibi yake amelikumbatia, hafagii, anatazama tu majani yanavyopeperuka.

"We Diệp!" Trâm alipaza sauti kutoka upande wa pili. "Umetuponza halafu umesimama! Kona ile yako! Fagia, mvivu wewe!"

Diệp alitembea hadi kwenye kona. Akaanza kufagia, jani moja moja, akilihesabu kila moja kabla ya kulisogeza. Kwa mwendo ule angemaliza wakati wa Tết.

Mama Trâm aliniona nikijifuta macho. Alisogea, akanipa kitambaa. "Usilie dada," alisema. "Watoto hawa. Nitamkanya Trâm aache kumtukana."

"Usimkanye," nilisema.

Alinishangaa. Sikuwa na namna ya kumweleza. Tangu Diệp azaliwe, watu wamemwita mgonjwa, maskini, malaika, mtihani wa Mungu. Mvivu hakuna aliyewahi kumwita. Nilisimama pale getini mpaka wakaingia darasani, kisha nikaenda kumwagilia maua.